Siku Arobaini za Leaf na Leaves

Kaye yangu, daftari la Kiingereza, inaishia katikati ya ukurasa. Juu nimeandika kwa biki nyekundu kichwa cha somo, majina yanayoishia na f au fe na namna ya kuyatia katika wingi, na chini yake kuna jozi saba kwa biki ya buluu: leaf, leaves, knife, knives, wife, wives, half, halves, thief, thieves, calf, calves, wolf, wolves. Kisha mwalimu aliandika ubaoni neno moja la kutuonya kwamba yako majina mengine yasiyofuata sheria hiyo. Nililinakili, nikalipigia mstari kwa rula, halafu nikakimbia nje kutapika nyuma ya darasa. Nilikuwa na miaka kumi na saba na mimba ya miezi miwili. Sikurudi tena kwenye lile benchi, na hayo majina mengine sikuyajua.

Nilikuwa nalipenda somo hilo, msinicheke. Sisi tukitaka wingi tunabadilisha kichwa cha neno: mutu, batu; kisu, bisu. Wao kichwa wanakiacha kama kilivyo na kwenda kuhangaika na mkia. Mwalimu alituambia tushike koo tukisema f, kisha tukisema v, tusikie namna koo linavyoanza kutetemeka. Wanafunzi themanini wameshika makoo, unaweza kudhani tumekabwa. Nilipoolewa nilibeba nguo, sufuria mbili na ile kaye ndani ya mfuko wa plastiki.

Mume wangu alikuwa mtu wa upole, na alinioa vizuri. Ng'ombe za mahari zilitoka zote, hata wajomba zangu wakakosa la kulalamika. Tuliishi miaka saba katika parseli, kiwanja cha kwao kule Ngezi, yeye, mimi, binti yetu na mama yake. Mwaka jana ini lilimshika, na kabla mvua za mwezi wa tisa hazijaisha tulikuwa tumemzika. Kesho yake mdogo wake alifika kutoka Aveba, ambako ana mke na shamba la mihogo, akatandika godoro katika chumba cha mbele. Hakurudi tena Aveba, isipokuwa kwenda kuvuna na kurudi.

Kila mtu wa kule anajua maana ya godoro lile. Matanga yakishatolewa, mkutano wa familia unakaa na mjane anapewa ndugu wa marehemu. Hawaiti kurithi siku hizi, wanaita kulinda nyumba. Nilipomwambia shemeki yangu kwamba sitaki, hakukasirika. Alikuwa anakula, akanawa mikono kwanza.

"Shemeki, mulango iko wazi," alisema. "Hakuna mutu anakukamata. Kama unataka kurudia kwenu, rudia. Lakini mutoto ni wa siye. Ngombe zilitoka zote."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Angekuwa ananipiga ningepata mahali pa kulalamika. Yeye alinunua sukari, alitengeneza mlango wa choo, alimtafutia binti yangu sandali mpya, na kila kitu alichotengeneza kilikuwa kinanifungia. Niliona kabisa jinsi nitakavyozeeka mle ndani.

Dada yangu mkubwa anapika katika shule moja ndogo ng'ambo ya ziwa, upande wa Uganda. Alinipigia simu akasema direktrisi wao, mwalimu mkuu, anatafuta mwanamke wa kushinda na watoto wa chekechea, chumba cha kulala kipo, na mtoto wangu angesoma hapo hapo. Kulikuwa na mambo mawili tu. La kwanza, direktrisi angenipigia mwenyewe kusikia Kiingereza changu. La pili, pale Mahagi-Port, kwenye kivuko, watu wa uhamiaji hawaruhusu mjane kuvuka na mtoto bila karatasi yenye alama ya kidole cha mtu wa familia ya baba, pamoja na fotokopi ya kadi yake ya uchaguzi. Nilikata simu nikakaa chini. Kiingereza changu kilikuwa jozi saba na salamu, na familia ya baba ilikuwa imelala kwenye godoro.

Basi nikaanzia pale nilipoachia. Kwa mama mukwe tulikula sombe karibu kila siku, na majani ya muhogo hayatwangiki kwa dakika tano. Nilibandika ukurasa wa kaye kichwani mwangu, nikashika mchi. Ukishuka mara ya kwanza nasema leaf, ukishuka mara ya pili nasema leaves. Knife, knives. Wife, wives. Jozi saba zilipokwisha nilitengeneza zangu kutokana na vitu vya jikoni, nikiangalia juu, chini, kando, nikivipa wingi kwa ile sheria niliyoijua. Dada alinifundisha sentensi chache kwa simu, nazo nikaziingiza. Nilisema kwa sauti ya chini, midomo ikicheza tu, nikiwa nimefumba macho ili nisichanganyikiwe. Mama mukwe alikaa pembeni kwenye kigoda chake akichagua maharage. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ujanani aliuza samaki wa chumvi kule Mahagi-Port, na mgongo wake ulikuwa umepinda kwa vikapu.

Siku ya Jumatano kikundi cha maombi kinakutana kwetu saa tisa mchana. Jumatano moja mama kiongozi wao aliwahi kufika. Akaingia kwa nyuma, upande wa jikoni, akanikuta nimefumba macho, natokwa na jasho, nayumba na mchi, na kutoka kinywani yanatoka maneno ya nchi isiyojulikana. Nilifumbua macho nikamwona amepiga magoti kwenye majivu.

"Mama," alimuuliza mama mukwe kwa kunong'ona, "huyu mwana alianza lini kusema na lugha?"

Mama mukwe aliinua uso akaniangalia kwa muda mrefu. Nilifikiri ananichunguza kama nimepata wazimu.

"Tangu bwana yake alikufa," alisema. "Siye tulinyamaza tu."

Ningeweza kusema pale pale kwamba si Roho, ni Kiingereza. Neno moja tu. Lakini swali la pili lingekuwa Kiingereza cha nini, na la tatu cha wapi, na jioni hiyo hiyo simu yangu ingekuwa mfukoni mwa shemeki. Nikainamisha kichwa. Yule mama aliona unyenyekevu.

Alasiri waliniweka katikati, kwenye kiti. Wanawake kumi na wawili waliweka mikono kichwani na mabegani mwangu, wakaimba, wakanyamaza, wakangoja. Nilingoja pia, nikitumaini watachoka. Hawakuchoka. Mwishowe nikafumba macho nikatoa jozi zangu zote, polepole kwanza, kisha haraka kwa kuogopa, na nilipofika wolf, wolves mmoja alianguka chini. Katika kikundi kile lugha haiachwi bila tafsiri, na kazi ya kutafsiri ni ya kiongozi. Alisimama akatetemeka.

"Bwana anasema, huyu mwanamuke ni nguzo ya hii nyumba. Nguzo haitokake. Ikitoka, nyumba inaanguka."

Amina iliyosikika kuliko zote ilitoka mlangoni. Ilikuwa ya shemeki. Mimi nilikuwa nimejifungia mlango kwa mikono yangu mwenyewe, na ufunguo nimemkabidhi. Nilitamani kumshika yule kiongozi kitambaa chake nimuulize ni nani aliyemfundisha kutafsiri mbwamwitu.

Ndipo mama mukwe aliposema, bila kusimama.

"Kama ni nguzo, apewe siku arobaini ya maombi. Asitoke mu parseli. Asiguswe na mwanaume. Na mukutano ya familia ingoje mupaka arobaini ikamilike."

Wanawake walikubali kwa pamoja. Shemeki akasema ni sawa, jambo la Mungu haliharakishwi. Walihesabu kwenye kalenda ya ukutani, wakianzia Jumanne ya jana kwa kuwa lugha ilikuwa imeanza tayari, siku ya arobaini ikaangukia Jumamosi. Mimi usiku ule sikulala kwa hasira. Zamani mlango ulikuwa wazi kwangu na umefungwa kwa mtoto. Sasa umefungwa kwetu sote wawili, na aliyeufunga ni yule mwanamke mzee niliyekuwa ninamhurumia.

Siku zile arobaini sikukanyaga sokoni, sikuenda kisimani, sikuenda hata kwa jirani kuomba moto. Binti yangu alienda shule na kurudi, akinisimulia barabara kama vile mimi ni mgonjwa. Simu niliificha ndani ya debe la unga. Nilitwanga asubuhi na mchana, kwa sababu kila aliyepita uani alitarajia kunisikia, na nikinyamaza waliuliza kama kuna dhambi imeingia nyumbani. Halafu watu wakaanza kuja na shida zao. Mama mmoja alikuwa na kijana anayechimba dhahabu Mongbwalu, na kwa wiki tatu hakumpigia simu. Alipiga magoti mbele ya kinu. Nilimwekea mkono kichwani nikasema thief, thieves, maana ndiyo niliyokuwa nimefikia, na moyo wangu ukaniuma kwa aibu. Kijana akapiga simu kesho yake. Tangu hapo mlangoni kukawa na foleni.

Nilijichukia, nasema wazi. Walilia machozi ya kweli mbele yangu. Nikaanza kuwaombea kwanza kwa Kiswahili moyoni, maombi yangu ya kawaida ya mtu wa kawaida, ndipo nawapa jozi zao. Sijui kama inapunguza kosa.

Siku ya ishirini na sita debe la unga likaanza kunguruma. Ilikuwa saa nne asubuhi, mama mukwe yuko kwenye kigoda chake, shemeki anapasua kuni nyuma ya ukuta wa jikoni. Nikijibu, nimekwisha. Nisipojibu, nimekwisha. Nilichukua simu, nikaibana kati ya sikio na kitambaa cha kichwa, nikafumba macho, nikaendelea kutwanga, na nikazungumza na direktrisi kwa Kiingereza huku nayumba kama siku ya Jumatano. Aliniuliza jina, umri, mtoto. Akaniuliza nitawafundishaje watoto wadogo neno leaf. Nilimwambia, kwa maneno yangu yaliyovunjika, kwamba nitawapa jani moja mkononi, kisha mengi, na watapiga miguu chini kila neno. Akaniuliza ile sauti ya kugonga ni ya nini. Nilisema ndiyo hiyo, nafundisha. Akacheka. Akasema shule inafunguliwa Jumatatu baada ya wiki mbili, nikichelewa atachukua mwingine.

Shoka lilikuwa limenyamaza nyuma ya ukuta. Nilifumbua jicho moja. Shemeki alikuwa amesimama karibu na dirisha la jikoni, kofia ameivua, ameishika kifuani. Mama mukwe aliendelea kuchagua maharage, hakuinua kichwa.

Jumatatu hiyo ilikuwa siku mbili tu baada ya Jumamosi ya mkutano. Sasa nilikuwa na kazi, na sikuwa na karatasi, wala siku, wala ujasiri. Niliwaza kuondoka peke yangu na kumfuata mtoto baadaye. Nilimwangalia akiwa amelala, mguu mmoja nje ya blanketi, nikajua siwezi, na kama ningeweza ningekuwa mtu ambaye simtaki.

Siku ya thelathini na saba, Jumatano asubuhi, mama mukwe aliniita nimsaidie kutoa mawe kwenye maharage. Shemeki alikuwa ameenda kunyoa. Mama mukwe alivuta ungo karibu.

"Ile ya roof unaikosaka," alisema.

"Nini, mama?"

"Unasemaka rooves. Wale Waganda wa samaki, kule Mahagi-Port, walisemaka roofs. Kulikuwa hangari tatu ya samaki, kila siku wanahesabu mabati. One roof, two roofs. Miaka kumi nilisikia ile."

Yeye alitupa jiwe uani, akachukua konzi nyingine.

"Unajua tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu siku ya kwanza. Half na knife, njo lugha ya kuuzisha samaki. Roho Mutakatifu hauzishake samaki."

"Sasa juu ya nini ulinifungia?"

"Nani alikufungia? Nilikupatia siku arobaini mutu asikuguse. Bila ile, mukutano ingekaa ile wiki. Weye ulitaka nifanye nini, nipigane na batoto wa bwana yangu?" Alinyamaza akapuliza makapi kwenye ungo. "Bwana yangu wa kwanza, baba ya bwana yako, alikufa mimi ningali na nguvu. Walinipatia kwa ndugu yake. Sikukuwa na kintu ya kusema pa kinu. Mwezi wa pili nikakuwa na mimba. Huyu shemeki yako njo ile mimba. Ninamupenda, ni mutoto wangu. Lakini mimi hakuna mutu aliniuliza."

Nililia. Sikulia kwenye mazishi kama nilivyolia juu ya ule ungo. Nilikuwa nimemchukia siku thelathini na saba, nikimhesabu kama kufuli, na muda wote alikuwa amekaa kwenye kigoda akinilinda. Yeye hakunibembeleza. Alifungua fundo la kitenge chake akatoa karatasi ya kaye iliyokunjwa mara nne na fotokopi ya kadi yake ya uchaguzi. Karatasi ilikuwa tupu.

"Andika vile wanatakaka," alisema.

Niliandika kwamba bibi wa mtoto amekubali mtoto avuke na mama yake. Nilivunja biki, nikampaka wino kwenye kidole gumba, akakibandika chini ya maandishi, akakikandamiza kwa nguvu kana kwamba karatasi ingekimbia. Kisha akanipa mpango kama anavyotoa maagizo ya kupika. Kesho Alhamisi magari ya Mahagi yanatoka kwa msafara, yote pamoja na askari, saa mbili asubuhi. Njia ikifungwa tena hatujui itafunguliwa lini. Binti yangu atatoka na mfuko wake wa shule kama kawaida. Mimi nitapita kwa nyuma, upande wa choo.

"Na shemeki?"

"Atasikia kinu."

Nilimwambia twende sote watatu. Aliniangalia akiwa karibu kucheka.

"Na mimi," alisema, "nani atanitilia kidole?"

Jumatano hiyo alasiri nilikaa kitini kwa mara ya mwisho, nikawapa wale wanawake jozi zangu zote. Ya roof niliirekebisha. Mama mukwe alisema amina kabla ya wengine.

Alhamisi nilitandika kitanda, nikavaa vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, nikaweka kaye kifuani. Shemeki alikuwa chumba cha mbele anakunywa chai, redio inaongea taratibu. Mama mukwe aliuchukua mchi mkononi mwangu. Nilikuwa nimepita choo, mguu mmoja umevuka ua wa miti, niliposikia mchi unashuka, na sauti ya chini, ya kizee, yenye lafudhi ya sokoni: leaf, leaves. Knife, knives. Alikuwa anaiga hata namna yangu ya kuvuta pumzi kati ya jozi. Kisha nikamfuata mtoto wangu njiani, nikamshika mkono, tukaenda kama watu wanaokwenda shule.

Tulifika Mahagi-Port kesho yake, tumechoka, tumejaa vumbi. Mtu wa uhamiaji aliigeuza karatasi, akakiangalia kile kidole, akamwangalia mtoto, akauliza bibi yuko wapi. Nilimwambia yuko nyumbani anatwanga sombe. Akagonga muhuri.

Simu ya kwanza ya mama mukwe ilikuja Jumapili, kwa kutumia simu ya jirani. Alinisimulia bila haraka. Shemeki hakuuliza kitu mpaka saa sita mchana, maana alisikia maombi. Saa sita njaa ilimpeleka jikoni. Alisimama mlangoni akamkuta mama yake yuko peke yake, amefumba macho, na ndani ya kinu sombe imegeuka maji. Akamuuliza yule mwanamke yuko wapi. Akamuuliza mtoto yuko wapi.

"Na weye ulimujibu nini, mama?"

"Nilimujibu calf, calves," alisema. "Aliuliza tena. Nikamupa wolf. Yeye anaogopaka kukata maombi. Aliketi chini pale pale pa mulango, akalia. Na mimi nililia, lakini sikusimamisha muchi."

Mkutano wa Jumamosi haukukaa, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kugawa. Mama kiongozi alitangaza kwamba karama imehamia kwa bibi, na kwamba aliyepokea asitoke mu parseli. Jumatano wanamweka yeye kitini. Shemeki kila anapoanza kumuuliza ni nani aliyetia kidole, bibi anasimama anaenda kwenye kinu.

Hapa shuleni watoto wangu wanapiga miguu sakafuni, leaf, leaves, na mimi napaza sauti bila kuficha. Mama anapiga simu kila Jumanne, siku moja kabla ya maombi. Wiki iliyopita sauti yake ilikuwa imechoka. Mikono inamuuma. Nilimwambia aache, apumzike, aseme tu anaumwa. Alisema akinyamaza wataanza kuuliza.

"Nipatie zingine," alisema. "Hizi zako, yule mama kiongozi ameanza kuzizoea. Juzi alikuwa anazisema pamoja na mimi."

Nilifungua kaye ya binti yangu. Shelf, shelves, nilimwambia. Loaf, loaves. Alirudia kila moja mara mbili, akaniuliza ya pili inaanza na nini, nikamwambia. Akaniaga, akanituma nimsalimie mtoto, akasahau kukata simu, na nikasikia mchi unaanza.